Kigoma na Bujumbura, Kifaransa kwa Kiswahili: wanafunzi tuwape kazi gani mtandaoni?

Ticha_Kgm

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Nafundisha Kifaransa shule ya kutwa ya serikali hapa Kigoma mjini. Kidato cha Tatu wanaochukua somo ni kumi na tisa. Wanalipenda, hilo sina wasiwasi nalo. Shida ni kwamba ukitoa vipindi vyangu, hawana pengine pa kukisikia Kifaransa. Kunyambua vitenzi être na avoir wanaweza hata ukiwaamsha usingizini, lakini mwambie mtoto akueleze jana jioni alifanya nini, anaanza kutazama dari.

Kwenye semina moja nilikutana na mwalimu wa Bujumbura anayefundisha Kiswahili. Wanafunzi wake masomo karibu yote wanasoma kwa Kifaransa. Kiswahili ndicho wanachojifunza. Yaani wangu wanacho wanachokitafuta wake, na wake wanacho wanachokitafuta wangu. Tumekubaliana kuyakutanisha madarasa yetu mtandaoni. Mkuu wa shule ameridhia kwa sharti moja: nimpelekee mpango wa maandishi kabla hatujafunga, unaoonyesha wanafunzi watafanya nini hasa kila juma na kinahusiana vipi na muhtasari wa somo.

Vifaa nilivyonavyo: kompyuta sita zinazowaka, projekta ya shule, spika ndogo, na simu yangu. Intaneti ni bando langu mwenyewe. Wanafunzi simu hawaruhusiwi kuja nazo shuleni, na sitaki mpango unaowategemea wawe nazo nyumbani, maana wengi hawana.

Juma lililopita tuliwakutanisha kwa video kwa mara ya kwanza. Kila mmoja akasimama akasema jina na umri, upande wa pili nao wakafanya hivyo hivyo, wakapungiana mikono, kisha kimya. Pande zote mbili zinatazamana tu. Ndipo kijana mmoja wa kwangu akarusha salamu ya Kiha. Chumba kizima kule Bujumbura kikalipuka kwa furaha, na kuanzia hapo hadi kengele ilipogongwa ni Kiha na Kirundi mtindo mmoja, wanaelewana utadhani wamekulia ua mmoja. Nilifurahi kuwaona wamechangamka vile, lakini Kifaransa hakikusikika tena, wala Kiswahili.

Kwa hiyo naomba msaada kwa aliyewahi kufanya jambo hili. Ni kazi gani za mtandaoni zinawafanya watoto waitumie lugha wanayojifunza? Na hili la Kiha nilishike vipi? Nimesoma kuhusu eTwinning, ule mpango wa kukutanisha shule mtandaoni ulioanzishwa mwaka 2005, lakini ni wa shule za Ulaya na nchi jirani zake, na mifano yake mingi inadhani kila mtoto ana kompyuta yake.

Asanteni.

---

Mwalimu_Nakuru

Hujambo mwalimu. Mimi niko Kenya, nafundisha Kijerumani shule ya upili na tuna shule rafiki Ujerumani. Nina mawili matatu ya haraka, wenye uzoefu wa Kifaransa watakuja.

Saa. Sisi tunasumbuliwa na Ulaya kubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nao mara ni saa mbili, mara ni saa moja. Ninyi hamna hilo, ila Bujumbura iko nyuma yenu kwa saa moja mwaka mzima. Kila tangazo la kikao liandikwe saa ya Kigoma na saa ya Bujumbura kwenye mstari mmoja. Usiseme "tukutane saa nne" ukaishia hapo.

Ruhusa. Picha na sauti ya mtoto ni taarifa zake binafsi. Kenya tuna sheria ya mwaka 2019, na Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pata barua ya mzazi, yenye lugha rahisi, inayosema picha na sauti zitakwenda wapi, nani atazisikiliza, na lini zitafutwa. Mwalimu mkuu aweke muhuri. Hii ifanye kabla ya kitu kingine chochote.

Vikundi. Watoto kumi na tisa mbele ya kamera moja hawazungumzi. Watatu wanazungumza.

---

Madam_Ujiji

Mwanangu Ticha_Kgm, nimekisoma kisa chako cha video nikawaona hao watoto kabisa, kwa sababu nimefundisha Kifaransa Kigoma na Ujiji miaka mingi kabla ya kuhamishiwa huku Dodoma, na darasa langu limeandikiana na shule za ng'ambo ya ziwa tangu enzi za barua pepe. Naandika kirefu. Jambo hili nalipenda na nataka lifanikiwe kwako.

Kipimo changu cha kazi ni kimoja: mwanafunzi anaweza kuimaliza bila mwenzake? Kama anaweza, hiyo kazi iondoe. "Jitambulishe" anaimaliza peke yake. "Eleza kuhusu shule yako" anaimaliza peke yake. Mwenzake wa Bujumbura anabaki msikilizaji tu, naye hana sababu ya kujibu, ndiyo maana kulikuwa kimya. Kiha kiliingia kwa sababu ndicho kitu cha kwanza siku ile kilichowapa jambo la kufanya pamoja.

Anza na picha. Nenda pale mwalo wa Kibirizi asubuhi, wakati mitumbwi inarudi, piga picha moja yenye vitu vingi: mitumbwi, beseni, meza za dagaa, watu, mbwa, mwamvuli. Ichapishe. Mwanafunzi wako anayo hiyo picha. Mwenzake wa Bujumbura ana karatasi tupu na penseli. Wako anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa Kifaransa akieleza kilichopo, kipo wapi, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Mwenzake anachora anachosikia, mwalimu anapiga picha mchoro, anaurudisha. Darasani unaweka picha na mchoro pamoja kwenye projekta.

Nikupe mfano. Binti mmoja alieleza meza ya dagaa ambayo chini yake kulikuwa na paka. Mchoro uliporudi, paka amekaa juu ya meza, katikati ya dagaa, ameridhika kabisa. Binti akasimama akasema kwa nguvu, "Mimi sikusema hivyo!" Tukaufungua ujumbe wake, tukausikiliza mbele ya darasa. Alikuwa amesema sur, yaani juu ya. Hakuna aliyemwambia kitu, alikaa mwenyewe, akaomba simu, akarekodi upya sentensi ile na sous yake, yaani chini ya, iliyonyooka. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeshalikosoa kosa lile tangu Kidato cha Pili, na halikuondoka hadi siku alipoliona limechorwa.

Juma linalofuata mnageuza: wao wanapiga picha kwao, wanaieleza kwa Kiswahili, wako wanachora. Hapo utawaona wako wanavyosikiliza kwa makini, na wa kule wanavyohangaika na "mitumbwi miwili mirefu" na "beseni mbili ndefu". Kila upande unapata zamu ya kuwa mjuzi na zamu ya kuwa mwanafunzi. Usiache hilo. Juma la Kifaransa, juma la Kiswahili, kwa zamu, hadi mwisho. Ukiruhusu lugha moja itawale, upande mmoja utachoka ndani ya mwezi, na upande huo utakuwa ni wako, kwa sababu Kifaransa chao ni kizito kuliko cha watoto wako.

Kusahihishana kuna utaratibu wake, na ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia. Mtoto anapokea ujumbe wa mwenzake, anasahihisha kila neno, mwenzake anavunjika moyo, mwezi unaofuata anarekodi sentensi mbili tu. Sisi tulifanya hivi: anayepokea kwanza anajibu alichoambiwa, kama binadamu anayezungumza na binadamu. Kisha anachagua makosa mawili, mawili tu, na anazisema zile sentensi mbili kwa usahihi kwa sauti yake mwenyewe, bila maelezo ya sarufi. Aliyetuma anasikiliza, anaandika zile sentensi kwenye daftari, halafu anarekodi upya ujumbe wake wote. Hiyo rekodi ya pili ndiyo inayohifadhiwa. Mwisho wa muhula mpe asikilize ya kwanza kabisa na ya mwisho. Mimi hapo huwa sina la kuongeza.

Sasa Kiha. Usikipige marufuku, mwanangu. Hawa watoto wamegundua kwamba wana ndugu ng'ambo, na hilo ndilo litakalowafanya wapende kurudi kila juma. Mimi niliweka sheria ndogo: ukikwama kwenye neno, uliza kwa Kiha, ujibiwe kwa Kirundi ukipenda, lakini sentensi uliyokuwa unaisema irudi imalizikie kwa Kifaransa. Na dakika tano za mwisho za kila kikao ni zao, waongee wanachotaka kwa lugha wanayotaka. Wanazisubiri hizo dakika tano, na wanajua zinapatikana baada ya kazi.

Kuhusu bando: ujumbe wa sauti wa dakika mbili ni mwepesi mno ukilinganisha na video. Simu moja inatosha kumi na tisa ukiwagawa vikundi vya watatu, kikundi kimoja kinarekodi nje chini ya mti wakati wengine wanaandaa maelezo yao kwenye daftari. Kompyuta zako sita zitumie kusikilizia: hamisha sauti kwa flashi, hazihitaji intaneti hata kidogo. Mwombe mkuu laini ya shule, si namba yako, na namba za wanafunzi zisivuke. Kila kitu kipite kwa walimu wawili. Video iweke mwisho wa mada, wakati tayari wana jambo la kuulizana: "Kwa nini ulimchora yule mama amesimama?" Hapo hawatanyamaza.

Ukishawazoesha kwa picha, nina mradi mmoja mkubwa ambao kwa Kigoma na Bujumbura umelala pale njiani unasubiri kuokotwa. Ninyi Ujiji mna kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana mwaka 1871. Kule kwao, Mugere, kilomita chache kusini ya Bujumbura, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina hayohayo mawili na tarehe 25 Novemba 1871. Baada ya kukutana Ujiji walipanda mtumbwi kwenda kaskazini ya ziwa kutazama kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia, na njiani wakalala Mugere. Lakini wapo kule wanaosimulia kwamba walikutana palepale kwenye jiwe. Basi wape wanafunzi kazi: kila upande uende kwenye kumbukumbu yake, upige picha, umhoji mzee mmoja wa jirani au mtembeza wageni, urekodi anachosimulia. Wako wanaisimulia habari ya Ujiji kwa Kifaransa, wao wanaisimulia ya Mugere kwa Kiswahili. Halafu wanakaa na simulizi mbili zinazogongana na wanatakiwa waandike ukurasa mmoja wa pamoja, kwa lugha mbili: ni nini kilitokea wapi, na tunajuaje. Watabishana. Na kubishana kwa heshima kwa lugha ya kigeni ni kazi ngumu kuliko ufahamu wowote wa kwenye kitabu.

Kwenye mradi huo huo watoto watagundua kwamba mjadala mzima ni juu ya wageni wawili, na wataanza kuuliza wazee wa Ujiji na wa Mugere walikuwa wanafanya nini siku hizo. Waache waulize. Ukiweza kuwapatia mzee wa kujibu, mpatie muda.

---

Mwalimu_Buja

Amahoro, na shikamoo Madam. Mimi siye yule mwalimu aliyekutana na Ticha_Kgm, lakini nafundisha Kiswahili Bujumbura pia, kwa hiyo niseme ya upande wetu.

La kwanza ni kalenda. Ninyi mwaka wenu wa shule ni Januari hadi Desemba. Sisi tunaanza Septemba na kumaliza katikati ya mwaka unaofuata. Darasa unaloanza nalo Januari, sisi kwetu liko katikati ya safari, na ukirudi Julai kutoka likizo, sisi tumefunga. Miezi mizuri ni Februari hadi Mei, halafu mwezi wa kumi. Mradi wa mawe wa Madam uwekwe Februari na Machi. Usiuweke mwezi wa kumi na moja, maana huo mnao mitihani, na walimu wenu hamtakuwa na nafasi ya kupumua.

La pili ni idadi. Madarasa yetu ni makubwa. Kumi na tisa wako watakutana na hamsini au zaidi wa kwetu. Mtu mmoja kwa mmoja haiwezekani. Mwanafunzi mmoja wa Kigoma apewe watatu wa Bujumbura, na wale watatu wapokezane: huyu anarekodi, huyu anachora, huyu anasahihisha. Mkisema kumi na tisa tu wa kwetu ndio washiriki, waliobaki watakaa nyuma wanatazama, na mimi siwezi kuliendesha darasa hivyo.

La tatu, waandae wanafunzi wako kwa hesabu zetu. Sisi sabini tunasema septante na tisini tunasema nonante, kama Ubelgiji waliotutawala hadi mwaka 1962. Vitabu vyenu vinafundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mkifanya kazi yoyote yenye bei au miaka, wataona kama mtu amekosea. Waambie mapema kwamba vyote ni Kifaransa, wavisikie vyote, na kwenye mtihani waandike kama kitabu chao kinavyosema.

Na sisi vilevile tutawaandaa wetu. Kuna wanafunzi wanaotoka mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, wanaongea Kiswahili tangu utoto, wanakiongea kwa kasi na kwa ladha ya huko. Kuna wengine hawajawahi kuongea sentensi nzima nje ya darasa. Nawaomba wa Kigoma wasiwacheke hao wa pili, na wasiwaambie hao wa kwanza kwamba Kiswahili chao ni kibovu. Hilo limewahi kutokea kwenye kikao, na mtoto hakurudi kushika simu muhula mzima.

Nataka kusema na hili kwa uzito. Kwenye vitabu vya lugha mada ya kwanza ni familia: baba yako ni nani, una ndugu wangapi, ulizaliwa wapi. Kati ya Kigoma na Burundi mada hiyo inaumiza. Wapo watoto wa kwetu waliozaliwa kwenye kambi za wakimbizi upande wenu, Nyarugusu au Nduta, wakarudi. Wapo wa kwenu ambao wazazi wao walitoka kwetu na hawapendi kulisema darasani. Mtoto asilazimishwe kurekodi habari za ukoo wake na kuzituma nchi nyingine. Akitaka mwenyewe, ni haki yake. Mada nzuri za kuanzia ni safari ya kwenda shule, chakula, mpira, ziwa.

Kwa chakula nina kazi inayofanya vizuri: samaki. Ziwa ni moja. Ninyi mna mgebuka, sisi tunamwita mukeke. Mna dagaa, sisi tuna ndagala. Kila upande urekodi mapishi kwa hatua kwa lugha ya kigeni kwake, halafu upande wa pili uende ukapike kwa kufuata sauti tu, bila kuandikiwa. Picha ya chungu irudi. Kama chumvi imesahaulika kwenye maelezo, watakaokula ndio watakaouliza.

---

Mhadhiri_Italia

Hongereni sana, nimesoma kwa furaha. Nafundisha Kiswahili chuo kikuu huku Italia na wanafunzi wangu wana wenza Tanzania. Naungana na Madam karibu kwenye kila kitu, isipokuwa hapo pa lugha, nina la kuongeza.

Mwaka 1997 walimu wa Kifaransa katika chuo cha MIT, Marekani, walianzisha mradi ulioitwa Cultura. Wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa walijaza dodoso lilelile, kila upande kwa lugha yake yenyewe, majibu yakawekwa sambamba, kisha wakaanza kuulizana mtandaoni, bado kila mmoja kwa lugha yake. Mantiki yake ni kwamba mtu anapojieleza kwa lugha anayoimudu anasema mawazo yake kamili, na mwenzake anapata kusoma lugha halisi, si lugha ya mwanafunzi.

Kwa hiyo mimi ningechukua juma moja kati ya manne liwe hivyo. Wape mwanzo wa sentensi waumalizie: "Mwalimu mzuri ni yule…", "Un bon professeur, c'est quelqu'un qui…". "Mgeni akija nyumbani…". "Mtu mwenye adabu…". Kila mtoto anaandika mstari mmoja kwa lugha yake, anaikunja karatasi, mwalimu anazichapa orodha mbili na kuzibandika ukutani. Halafu kila upande unatafuta kitu kimoja kinachowashangaza kwenye orodha ya wenzao na kutuma swali. Swali hilo ndilo liwe kwa lugha ya kigeni. Haihitaji intaneti zaidi ya barua pepe moja kwenda na moja kurudi.

Kwa mtakaotafuta shule rafiki mbali zaidi: mtandao wa shule uitwao iEARN upo tangu mwaka 1988 na unapokea shule za nchi nyingi. Ila mjue jambo moja. Kiswahili nje ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hufundishwa vyuo vikuu, si sekondari. Mtoto wa Kidato cha Tatu akipewa mwenza wa miaka ishirini na tatu, mazungumzo hayaendi, na kwa usalama wa mtoto si jambo la kuliingia bila uangalizi. Mlichonacho ninyi, madarasa mawili ya umri mmoja yanayohitajiana na yaliyo kando ya ziwa moja, sisi huku hatuna.

---

Ticha_Kgm

Shikamoo Madam. Na asanteni nyote, nimekaa na daftari nikayaandika haya moja moja.

La Mwalimu_Buja kuhusu familia limenigusa. Kipindi cha kwanza nilichokuwa nimekiandaa kilikuwa "Ma famille", nimekiondoa, naweka safari ya kwenda shule. Nina watoto wanaovuka kwa miguu kutoka mbali na wana mengi ya kusema juu ya njia.

Madam, kuna jambo bado linanikwamisha. Mkuu ataniuliza haya yote yanaingiaje kwenye mtihani wa taifa, na mwalimu wa taaluma ataniambia vipindi havitoshi. Nimjibu nini? Na kikundi kimoja cha vijana wanataka kufanya meli ya Liemba badala ya mawe, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa hadi Kigoma vipande vipande. Niwaruhusu?

---

Madam_Ujiji

Marahaba mwanangu.

Waruhusu. Ila wawe na swali ambalo Bujumbura peke yake inaweza kulijibu. Historia ya Liemba kuzamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924 wanaweza kuisoma hapo hapo Kigoma. Lakini wazee wa bandari ya Bujumbura wanazikumbuka meli gani? Nani alisafiri nazo, alibeba nini, nauli ilikuwaje? Hayo wawatume wenzao wakaulize, na wao wawe tayari kutumwa vilevile.

Kwa mkuu, usiandike "mabadilishano ya wanafunzi". Chukua muhtasari, chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza ni mada kama ilivyoandikwa kwenye muhtasari: kueleza mahali, kueleza tukio lililopita, kutoa maelekezo, kuandika barua. Safu ya pili ni kazi: picha ya Kibirizi, safari ya kwenda shule, mapishi ya mgebuka, mawe. Safu ya tatu ni kitakachobaki mkononi mwake: rekodi, mchoro, ukurasa wa lugha mbili. Mwalimu wa taaluma akiona mada zake zote zimo, vipindi si hoja tena, kwa sababu hujaongeza kipindi hata kimoja. Umebadilisha mazoezi tu, yale ambayo wangeyaandika kwenye daftari na wewe peke yako ukayasoma.

Gharama iandike wazi: laini ya shule na bando la mwezi. Ambatisha barua ya mzazi aliyoisema Mwalimu_Nakuru, ambatisha na kalenda ya Mwalimu_Buja. Mkuu akikataa bando, omba ruhusa ya kulipeleka kwenye kikao cha wazazi. Chukua na rekodi moja ya mtoto akizungumza Kifaransa, uifungulie pale kikaoni, na mzazi wake awepo.

---

Mwalimu_Buja

Ticha, niandikie kwa ujumbe wa faragha shule ya huyo mwenzako. Kama tuko tarafa moja nitamfuata, tuunganishe madarasa mawili na kugawana safari ya Mugere, basi moja linatosha. Na hiyo picha ya Kibirizi, tafadhali ichukue mapema kabla jua halijawa kali, na beseni zionekane vizuri. Wangu watataka kuhesabu.